Mursik ya Anko Kipkemoi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Kuanzia leo mimi ni mjasiriamali. Cheruto wa mwaka wa nne anafanya utafiti kuhusu kinachowafanya wanafunzi watake biashara, akanihoji kantini. Nikamwambia nina maono ya kuajiri vijana wa Bonde lote la Ufa. Akaandika. Ukweli sikumwambia: Kabiru, tunayeishi naye chumba kimoja hosteli, anauza smoki, zile soseji za moshi, nje ya geti, na siku hizi hata askari anamwita boss. Mimi ananiita wewe. Cheruto akauliza biashara yangu ni gani. Nikasema aje chumbani Alhamisi aione. Sasa natafuta biashara.

Jumanne, 4 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Mama ametuma vibuyu viwili vya mursik, maziwa yetu ya kuchachushwa kibuyuni, kutoka Kuresoi, kwa lori la viazi. Nivipeleke Kiamunyi kwa kaka yake, Anko Kipkemoi, atakayefanyiwa maombi ya nyumba mpya Jumapili. Mama atakuja kuwamiminia wageni mwenyewe. Anko ndiye aliyenilea nikiwa sekondari, na mama hajawahi kumshukuru mbele ya watu. Akasisitiza nisifungue.

Nimefungua kidogo tu. Harufu ya nyumbani kabisa, na hosteli hii imejaa watoto wa kwetu waliokumbuka nyumbani. Nitauza kibuyu kimoja, nikijaze tena kabla ya Jumapili. Anko atajuaje?

Alhamisi, 6 Machi

Ufunguzi. Nilimwalika Kiptum wa Christian Union, maana biashara isiyoombewa haina mizizi. Aliomba sana. Watu wakazidi kuingia akiomba. Baada ya amina nikammiminia Cheruto kikombe cha kuonja, na hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu mursik hupewa mgeni, haiuzwi. Kila aliyeingia alinipa mkono, akaketi kitandani kwangu, akauliza mama hajambo. Utamdai vipi mtu aliyemuulizia mama yako? Mburu wa Gilgil, ambaye hajawahi hata kuiona mursik, alisema yeye ni shemeji yetu sisi Wakalenjin wote. Kibuyu cha kwanza kikaisha, cha pili wakakifungua wenyewe.

Kabiru alisimama mlangoni akiwauzia wageni wangu smoki. Aliuza zote.

Cheruto akauliza faida iko wapi. Nikasema iko kwenye mahusiano. Hilo hakuliandika.

Jumamosi, 8 Machi

Hofu tupu. Mursik halisi huwa na weusi wa mti uliochomwa ukapakwa ndani ya kibuyu. Nimenunua maziwa lala ya paketi, nikaomba makaa kwa mama chapati, nikatwanga, nikakoroga. Rangi imekubali. Kabiru ameonja akasema, "Buda, hii ni simiti." Wivu huo.

Nimevipeleka vibuyu Kiamunyi. Anko alinikumbatia akasema tangu nyanya afariki hajaonja mursik ya nyumbani kwao. Nilijisikia vibaya sana, karibu nusu ya njia ya kurudi.

Jumapili, 9 Machi

Mama alimimina. Mzee wa kanisa alikunywa kwanza, akatazama dari, meno meusi tii. Mama akaonja. Akanitazama. Nilijua nimekwisha.

Hakuniaibisha. Alisimama akawaambia wageni kwamba maziwa yameharibika, wamsamehe, shukrani zake atazitoa kwa mdomo. Akazitoa. Alisema jinsi Anko alivyoninunulia viatu vya shule kabla ya kuwanunulia watoto wake. Anko akalia, mama akalia, na mimi nikalia nyuma ya pazia.

Baadaye aliniita jikoni, nikamweleza yote. Kisha akauliza kama wale watoto wa hosteli walishiba. Nikasema sana. Akasema basi si hasara yote, akanionyesha sufuria na vikombe vya wageni wote, nivioshe peke yangu. Anko akachungulia mlangoni, akauliza, "Boss, kazi inaendeleaje?"

Boss. Nimesikia kwa masikio yangu mawili. Nimemwandikia Cheruto aongeze kwenye utafiti kwamba biashara yangu imeanza kutambulika. Tena nimegundua kitu. Yule mzee wa kanisa aliposukutua, meno yake yalitoka meupe ajabu, na makaa yangu yamebaki nusu mfuko. Kesho naanza dawa ya meno. Nimeshamwambia Kiptum aje kuomba.