Tundu Chini ya Bamba la Pupu

Kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, kwenye benchi la Claudine muuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, habari hazifiki bila kupitia simu ya Dédé. Ndiyo maana wakamwita Journaliste, ingawa gazeti litakalomwajiri halijazaliwa. Alhamisi ile alikohoa, akasoma kwa sauti ya misa.

"Kamio imepinduka ku route ya Mokambo. Tonnes makumi ine ya cuivre iko chini!"

"Makumi ine!" Casimir akaruka. "Na miye nilizunguka Lubumbashi yote mwezi muzima, natafuta kipande kama mukono tu!"

Claudine alicheka hadi kata ikamponyoka. "Papa, cuivre ya Katanga haitembeleake bantu ya Katanga. Inapitaka tu, inatupungia mukono."

Kipande chenyewe cha cuivre, yaani shaba, kilikuwa cha kutengenezea gobori la marehemu babu yake Casimir. Wao huliita pupu. Bamba la kitakoni, lile linalokaa begani, lilikuwa limeliwa na kutu. Na Jumamosi, huko Kambove, Casimir alitakiwa kurithi jina la babu mbele ya ukoo mzima, pupu ikiwa begani. Bunduki ikikataliwa, jina linakwenda kwa binamu yake Chileshe, ambaye alikuwa ameshashonesha suti kabisa.

Kazi ikampata Mulenga seremala, anayeitwa Rabot kwa sababu ya randa yake asiyoiacha hata akienda msibani. Leo alikaa pembeni, pupu mapajani. Bamba jipya lilikuwa limeshakaa. Alilikata kwenye picha ya tembo ya shaba ya kugongwa, aliyoitoa Claudine ukutani kwake. Aliliacha kubwa kuliko mbao, akalipunguza kwa tupa kidogo kidogo hadi kidole kisihisi mbao inaishia wapi. Kazi safi. Ila tembo alibaki nusu, na nusu yenyewe ni ya nyuma.

"Rabot, weye iko artiste," Dédé akasema akikodoa macho. "Nyama ya pori itakimbia, itaona mukia ya tembo pa bega ya Casimir, itarudia kwanza kucheka."

"Acha icheke," Claudine akajibu. "Ile picha bwana yangu alinipatia siku ya ndoa. Kisha ile, hajanipatia kingine. Afazali isaidie bantu."

Mulenga hakucheka. Sasa hivi tu Casimir alikuwa amesema, kwa furaha zake, kwamba mjomba wake, yule anayemwita noko, anakuja kufungua bamba na kukagua dawa ya uwindaji iliyo kwenye tundu chini yake. Tundu! Mulenga alilikuta limejaa takataka, akalikwangua kwa patasi, akalijaza gundi yake ya kolle na unga wa mbao, akapiga msasa. Hajawahi kuacha tundu kwenye kazi yake.

"Casimir," akasema, "ile dawa... nilifagia."

"Ulifanya nini?"

"Nilifagia. Nilizani ni buchafu."

Dédé akahama benchi. "Bantu banaogopaka hata kugusa, weye unachukua fagio! Ungeweka na rideau ya dirisha, basi!"

"Umeniua, Rabot." Machozi yalimlenga Casimir kweli. "Miye ntabeba nini Samedi ku Kambove? Fagio yako?"

Mulenga aliona aibu mpaka masikio yakamchemka. Kabla hajajibu, pikipiki ikasimama. Mzee Kunda, mjomba mwenyewe, akashuka na bisibisi mfukoni mwa koti. Claudine akapinda magoti, akapiga makofi ya heshima.

"Muko bazima? Leta bandoki."

"Noko, minaomba kwanza nikwambie..."

"Nyamaza, Casimir. Na bengine, geukeni. Dawa inaangaliwa na noko peke yake."

Wakageuka, isipokuwa Mulenga, aliyebaki akilitazama lile bamba. Skrubu zikatoka. Mzee akainama juu ya ile mbao laini, akapapasa kwa kidole gumba pale palipokuwa na tundu. Akarudia kupapasa. Kisha akainuka na kupaza sauti hadi mtaa wa pili.

"Muti imekunywa dawa! Sasa bandoki yote ni dawa! Samedi, Casimir ndjo anabeba!"

Casimir akamkumbatia mjomba, akamkumbatia Claudine, akakumbatia hata pikipiki. Dédé alikuwa ameshaanza kurekodi: "Muujiza mu Katuba, mbele ya macho yangu!" Macho yaliyokuwa yameugeukia ukuta.

Mzee akampa Mulenga bisibisi arudishe bamba, akamwinamia sikioni.

"Mu tundu, ulikuta nini?"

"Vumbi, Mzee. Na kipande ya gazeti."

"Gazeti ndjo miye niliwekaka." Mzee akashusha pumzi ndefu. "Dawa niliipotezaka mu train ya Likasi, mbele Casimir azaliwe. Tangu ile siku silali muzuri."

Mulenga akaacha kukaza, bisibisi hewani.

"Kaza vis, mutoto yangu," mzee akamnong'oneza. "Kisha umwagie na ile kolle yako, mutu asifungue tena."