Majani ya Plastiki Yaliyovuka Mpaka Wangu

Bramwel Wekoye,
Kimilili.
16 Septemba 2004

Kwa Bwana Chifu,

MINTARAFU: KUNYANG'ANYWA SHAMBA KWA GUNDI

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni kitinda mimba wa Mwalimu Wanyonyi, yule mstaafu. Baba ameamua kutugawia shamba angali hai, na kwa kuwa haamini karatasi, ametengeneza mfano wake juu ya ubao: nyumba za maboksi ya kiberiti, mto wa uzi wa buluu na mpaka wa kalamu katikati. Sentimita moja ni mita kumi. Jumapili baada ya ibada ataukata kwa msumeno, kila mtu abebe lake, na sorovea apime kwa kufuata hivyo. Kazi ya kubandika majani, yaani mikeka miwili ya plastiki kutoka Kitale, wangu na wake, alipewa kaka yangu Makokha. Hapo ndipo nilipokwisha.

1. Mkeka hukatwa kingo kwa wembe gundi ikishakauka. Makokha hakukata. Wake umevuka mpaka sentimita mbili, yaani mita ishirini, ukausukuma wangu. Nilipolalamika alisema, "Ati shamba? Si ni kapeti tu, bana." Wanyang'anyi wa ardhi huanza hivyo hivyo, kwa kukuita bana.

2. Alikandamiza kuanzia kwake, hewa yote ikakimbilia kwangu. Sasa nina vilima vitatu. Nilibonyeza kimoja, kikaibuka chini ya nyumba yangu. Mke wangu Viola ni mjamzito; ataupandaje huo mlima?

3. Choo changu kimefunikwa kabisa.

4. Ili pakauke vizuri, kwake aliwekea Biblia ya Baba. Kwangu aliweka kitabu cha simu.

5. Tangu Jumanne ng'ombe wake, hawa wenye kwato, wanalala katika zizi langu. Anasema majani yake yamefika hapo, na kweli yamefika. Kando ya zizi hilo ndipo alipozikwa Mama. Kaburi lake kuwa kwa mwingine kunaniuma, Bwana Chifu, sifichi.

Naomba uje kabla ya Jumapili na wembe mpya, uchome vilima kwa pini, na uache askari wa kulinda ubao.

Wasalimie mama watoto, karani wako na wazee wote wa mtaa, hata wale waliokula kuku kwa Makokha.

Ni mimi niliyekandamizwa,
Bramwel Wekoye

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nimerudi kupima. Kumbe mkeka wangu, kwa kule kusukumwa na kutokatwa kingo, umetokeza nje ya ubao upande wa mashariki sentimita tano, yaani mita hamsini. Huko ni shamba lako. Basi gundi iachwe ilivyo. Makokha ni fundi, na hata Mama alimpenda sana. Wembe usilete. Njoo na magunia tu, uvune mahindi yako yaliyo kwangu kabla ya Jumapili.