Bukari Anakula Wapi

Jumatatu, 29 Septemba

Mlio mmoja haujanitoka sikioni tangu jana: mfuniko wa sufuria ukiwekwa juu ya saruji, polepole, upande wa pili wa ukuta. Haukudondoka. Uliwekwa. Mtu anayepakua chakula chake halali huacha mfuniko ulie. Baada ya hapo kimya, halafu ulimi ukiramba. Naujua ulimi ule. Ni wa Bukari.

Bukari ni mbwa wangu. Mweupe kama bukari, ugali wetu wa mahindi, ndiyo sababu ya jina. Siku alipofika alitumbukiza pua katika sahani ya Mama na hakuitoa mpaka ilipokwisha. Nimemlea tangu akiwa na ukubwa wa kiatu. Tangu nimalize masomo ya sheria, ndiye pekee katika lupango letu, yaani ua wetu wote, asiyeniuliza nitapata kazi lini. Nikisoma, hulala juu ya miguu yangu. Siku hizi halali. Joto likipanda anachimba tope chini ya bomba, anajipoza tumbo, anajikung'uta, anapenya chini ya lango na kwenda zake. Anarudi jioni ameshiba. Chakula chetu anakinusa tu, kwa adabu.

Ukuta ni wa Mama Virginie, mjane wa mtu wa reli, sauti ya kwanza katika kwaya ya jumuiya yetu. Kwa muda mrefu nimemshuku bila kujua kwa kosa gani. Sasa najua.

Jumanne, 30 Septemba

Mpango wa kwanza: kumshibisha kabla hajaondoka. Nimenunua ndakala, dagaa wakavu, nimezichanganya na bukari na mafuta ya mawese. Amekula zote, ameramba sufuria, amenitazama kwa upendo wa kweli, amepenya chini ya lango.

Nimepanda juu ya pipa nikachungulia. Mama Virginie ametoka na sahani. Sahani, si kopo. Ya maua! Juu yake paja la kuku. Amemwekea Bukari, amepiga goti kidogo, kisha amegeuza uso na kuutazama ukuta mpaka mbwa alipomaliza. Hakumwangalia hata mara moja. Mwenye dhamiri safi hautazami ukuta. Hiyo tayari ni nusu ya kukiri.

Pipa limepinduka. Nimemwambia Mama kwamba nilikuwa nafua.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mpango wa pili: ushahidi. Nimempaka Bukari masizi ya mbabula, jiko letu la makaa, mgongo mzima na tumbo. Atakayemgusa atabaki na alama, na mimi nitaiona. Bukari alidhani ni mchezo. Ameubariki mpango kwa kunirukia.

Matokeo hadi jioni: masizi kwenye kikwembe cha Mama, kitenge cha sare ya wamama wakatoliki, kilichokuwa kwenye kamba. Masizi mlangoni. Masizi kwenye shuka langu. Masizi kwenye paji langu la uso, kwa mujibu wa Mama. Mama Virginie amepita akienda mazoezi ya kwaya, mikono misafi kabisa. Misafi kupita kiasi. Ametusalimu: "Mulishinda bien?" Nimemjibu kwamba tulishinda vizuri, kwa sauti ya mtu anayejua mambo. Ameniuliza kama ninaumwa koo.

Mama amesema kama natafuta kazi, kikwembe kile pale, na sabuni iko chini ya meza.

Jumamosi, 4 Oktoba

Ya Clovis, kaka yangu mkubwa, amerudi kutoka Kasumbalesa, ambako wiki nzima anahangaikia karatasi za malori mpakani. Harufu ya marashi imefika kabla yake. Ameuliza, bila sababu yoyote, kama majirani ni wazima. Tangu lini anajali majirani? Naye sasa namshuku.

Alasiri lango limegongwa kwa upole. Mama Virginie, katika kikwembe cha misa. Dada yake, Tantine Nkandu, katika kikwembe kama hicho hicho. Nyuma yao Chancelvie, binti wa Mama Virginie, kichwa chini. Tumempa kiti. Amekataa, ameketi kwenye mkeka. Kila mtu wa mji huu anajua maana ya wamama wawili waliovaa vizuri na msichana aliyeketi chini. Mama aliyekuwa amesimama amejikuta amekaa.

Tantine Nkandu amekohoa. "Mama, shiye hatukuye na vita. Mutoto yetu iko na mimba. Na mwenye alifanya ile mambo iko mu hii lupango."

Ya Clovis amesimama. Amesema kwamba ilikuwa Fanta tu. Fanta mara ya kwanza, kisha Fanta nyingine nyuma ya parokia, wakaongea, basi. Amesema nia yake ni njema na kwamba alipanga kuja mwenyewe mwezi wa kumi na mbili, na wajomba, kwa utaratibu. Chancelvie amejifunika uso kwa kitambala.

Tantine Nkandu amemgeukia.

"Weye," amesema, "nani alikuuliza?"

Ndipo Chancelvie, uso bado umefunikwa, alipoivuta kamba aliyokuwa ameishika muda wote. Kutoka nyuma ya lango ameingia Princesse, mbwa wao jike, tumbo likikaribia kugusa ardhi. Bukari alikuwa chini ya kiti changu. Ametoka, amemramba sikio. Mbele ya wazazi wote.

Mama amecheka mpaka amelia. Mama Virginie naye amecheka, huku akishikilia msimamo: walianza kwa mzaha, lakini mimba ni mimba, inaletwa kwa wenye mwana, wasije wakasema baadaye hawakuambiwa. Mimi sikucheka. Nimemuuliza kuhusu paja la kuku.

"Sasa mukwe akule bukari mutupu?"

Na ile kugeuza uso?

"Namna gani mama-mukwe ataangalia mukwe mu macho? Weye, mutoto yangu, ulisoma wapi?"

Nimejibu: sheria, chuo kikuu. Tantine Nkandu amesema ndiyo maana.

Wamekubaliana wao wawili, Mama na Mama Virginie, wakiwa bado wanajifuta machozi: Bukari akae kwa mkewe mpaka azae. Mimi sikuulizwa. Bukari ametoka langoni na kamba ya Princesse mdomoni, mkia juu, bila kugeuka nyuma. Suala la Fanta limepewa siku yake.

Jumatatu, 6 Oktoba

Bukari hayupo. Saruji yenyewe inatoa jasho kwa joto hili, na bado miguu yangu inahisi baridi. Nimefungua kitabu, nikasoma ukurasa ule ule mpaka maneno yakawa madoa. Nimemwita kwa kujaribu tu, kwa sauti ndogo. Upande wa pili kitu kimesimama, kimesikiliza, kimelala tena.

Nimejitahidi kuamini maelezo yao. Mchana kutwa nimejitahidi. Lakini jambo ambalo kila mtu amelicheka hakuna tena anayelichunguza. Hapo ndipo mimi ningeficha kitu, kama ningekuwa na kitu cha kuficha. Anayetaka kuchukua mbwa wa mtu, afanye nini zaidi ya kumfanya mkwe?

Mama ameniuliza ninaandika nini. Nimesema barua ya kuomba kazi. Amefurahi sana. Nimejisikia vibaya, lakini si sana.

Alhamisi, 9 Oktoba

Princesse amezaa. Nimeitwa kuona. Vigelegele, soda, Tantine Nkandu akicheza mbele ya sanduku la karatasi. Watoto weupe, macho yamefumba, kama mabonge ya bukari yaliyokatwa kwa mkono. Isipokuwa mmoja. Kahawia. Mkia umepinda kulia.

Naujua mkia ule. Mbwa wa ba Donat, fundi wa matairi pale kwenye kona, ana mkia ule ule. Anaitwa Kolonel. Nimeuliza, kwa upole kabisa, kama hakuna mwingine aliyeona kitu. Mama Virginie amesema rangi ile ni ya babu yake Princesse, aliyekufa Likasi. Amejibu haraka mno. Na Likasi ni mbali, hakuna wa kwenda kuhakikisha.

Bukari alikuwa amelala karibu na sanduku, masikio chini, mbavu zinaonekana. Hata kuku hali tena, amesema Chancelvie. Ameninusa mkono kwa muda mrefu. Maskini. Naye wamemdanganya.

Jumamosi, 11 Oktoba

Bukari amerudi asubuhi. Peke yake, bila kuitwa na mtu. Nilikuwa kitandani na kitabu. Ameingia, amezunguka pale pale anapozungukaga, amejitupa juu ya miguu yangu na kushusha pumzi ile ndefu kama mzee aliyevua viatu. Mama amesimama mlangoni. Amesema unaona, kazi yake imekwisha, nyumbani kwake anapajua, sasa na wewe utulie. Kutoka ng'ambo ya ukuta Mama Virginie amepaza sauti kwamba usiku kucha mkwe alikuwa anakuna lango, anataka kwake, na hawezi kumzuia mtoto wa watu. Amesema ni wangu, hakuna anayemdai.

Nimefurahi. Nimemkuna tumbo, ametikisa mguu akiwa usingizini, nimecheka peke yangu. Furaha imedumu kiasi cha kunywa kikombe cha chai.

Kisha nimefikiri. Kwa nini leo? Kwa nini anaachiliwa kirahisi hivi, wakati mkia uliopinda umo mle ndani, na ba Donat amekwisha pita kusalimu? Nani hataki Bukari aone anayeingia? Kutoka juu ya pipa sioni sanduku. Ya Clovis haaminiki, upande wake unajulikana, asubuhi hii ameingia lango lao na kreti nzima ya Fanta. Katika nyumba ile tunahitaji mmoja wetu. Mwenye pua nzuri. Ambaye hakuna atakayemshuku.

Alikuwa mzito, na alikuwa bado amelala. Nimembeba mpaka kwa Mama Virginie, nimemweka kwenye saruji yao, nimemwambia sikioni akae macho. Alinifuata hadi langoni kwetu. Nimemrudisha mara ya pili.