Msemaji wa Shafik

Redio ya Mastula, muuza kahawa, ndiyo iliyoharibu asubuhi. Ilisema kuna bwana harusi amefukuzwa getini kwa wakwe, eti msemaji wake alikwama katikati ya neno la Kiingereza. Macho yote ya kijiwe pale Mpumudde, Jinja, yakamgeukia Shafik, mwendesha boda. Jumamosi alikuwa anakwenda Mbale kutambulishwa kwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, baba wa mchumba wake Nabifo. Na mila ni mila: bwana harusi hukaa kimya mkekani, anasemewa. Msemaji wake alikuwa Jude, askari magereza, aliyechaguliwa kwa sababu ya sauti tu. Shafik akamgeukia pale pale alipokaa na kikombe chake.

"Afande, ile neno yetu iko tayari?"

"Incomparable!" Jude akasimama wima. "Binti hana mfano! Mimi nagawa na mguu. In, kom, pa, ra, bo. Kishindo iko kwa kom!" Akakanyaga, vikombe vikaruka.

"Lakini compare peke yake kishindo iko nyuma," akabisha Hamuza, muuza vitenge. "Nani alihamisha?"

"Bwana, hiyo neno imepandishwa cheo. Ukipatia yeye in mbele na able nyuma, anahamia kambi ingine. Wewe uliona wapi mkubwa anabaki kwa nyumba ya zamani?"

"Basi ongeza cheo," Mastula akachochea. "Mkwe aombe maji!"

Simu ya Shafik ikalia: Nabifo. Akaweka spika, lakini aliyesema ni mzee mwenyewe.

"Kijana, kabla ya Jumamosi. Unampenda binti yangu?"

Shafik, mtu wa mila, akafunga mdomo na kumsukumia Jude simu.

"In!" Guu chini. "Kom!" Kahawa ikamwagika. "Mzee, ngoja, naanza upya..."

"Nani anatwanga huko?"

Shafik akamwona Nabifo anampotea hivi hivi, kwa guu la mtu mwingine. Akapokonya simu.

"Nampenda, mzee. Sana. Mpaka naogopa."

Mzee akakohoa.

"Maisha yangu yote darasani nilitafuta mtu anayejibu swali aliloulizwa. Jumamosi useme wewe, hivyo hivyo. Huyo anayetwanga mwacheni Jinja."

Simu ikakatika. Shafik akajifuta machozi bila kujificha. Jude alikuwa bado amesimama, mguu mmoja hewani.

"Sasa kanzu niliazima ya nini?"