Mimi ni Sehemu ya Lifti

Jumatatu, 3 Machi
Mama mwenye jengo ameniita. Anataka mwongozo wa lifti, uwe tayari Ijumaa. Ukikosekana, lifti ipewe kampuni, mimi nikapumzike. Nipumzike! Mimi fundi wake, niliyeijua lifti hii kabla haijaota kutu! Nimemsimulia binti yangu kila kitu, yeye akachapa: uzito, nyaya, na nilivyomnasua bwana harusi akiwa na keki kichwani. Anasema nimechanganya hesabu na porojo. Porojo!

Jumanne, 4 Machi
Binti amechora mti kwenye kompyuta. Kila neno langu lina tawi lake: Watu, Sehemu, Kanuni, Visa. Eti kompyuta ikijua kitu kiko tawi gani, inajua yenyewe cha kukifanyia. Kanuni zifuatwe, visa visomwe tu. Nimeitikia kwa kichwa. Sijaelewa hata chembe.
Nimejitafuta. Niko kwenye Watu, bega kwa bega na mlinzi! Yule anayepanda ngazi kwa kuogopa lifti! Binti alipokwenda kuoga nikajiburuta kwa kipanya hadi Sehemu, juu ya injini. Hapo sawa.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Mama mwenye jengo kaja na karatasi, macho yamemtoka. Kompyuta imeamua: sehemu iliyozidi miaka ishirini ing'olewe, iuzwe chuma chakavu. Injini, kamba, na mimi. Kabla ya hapo nipakwe grisi! Mlinzi kacheka hadi kakaa chini. Kaniuliza, mzee, tukubebe mzima au tukufungue nati kwanza? Binti kauliza nani kamhamisha baba. Nimesingizia umeme.

Alhamisi, 6 Machi
Binti kanirudisha kwa Watu. Kaniomba, baba, chondechonde, usiguse tena, utapoteza kazi. Nimeapa.
Ila nimewaza. Watu hustaafishwa. Sehemu hung'olewa. Kanuni je? Nani amewahi kuifukuza kanuni? Nimejiburuta tena. Taratibu, kitaalamu.

Ijumaa, 7 Machi
Mwongozo umesomwa mbele ya wote. Kompyuta inataka kila kanuni ibandikwe ukutani ndani ya lifti, usawa wa macho. Mimi ni ya kwanza! Binti kashika kichwa, kwa furaha nadhani. Mlinzi kaenda kutafuta gundi. Wivu huo.
Mama mwenye jengo kaniambia kwa upole kwamba kampuni inakuja Jumatatu. Kunisoma, bila shaka. Sijui nivae koti lipi.