Sindano, Koti na Tarumbeta

Jumatatu, 3 Juni
Pumu ilinibana tangu alfajiri. Kliniki wakanichoma sindano ya steroidi. Lo! Kufikia jioni kifua kimefunguka, nikapuliza tarumbeta mpaka majirani wakafunga madirisha. Mwaka mzima shemeji, kaka wa mke wangu, amenipora nafasi yangu ya kupiga peke yangu kwenye bendi, eti mimi sina pumzi. Sasa atanitambua! Harusi ya binti wa kiongozi wetu wa bendi ni Jumamosi ya wiki ijayo, na bibi harusi ataingia kwa pumzi zangu. Daktari ameonya kuwa sindano hii huleta njaa na kupandisha sukari, nisiizoee. Nimeitikia vizuri tu.

Alhamisi, 6 Juni
Njaa! Nimekula chakula changu, cha mke wangu, na mkate alioficha nyuma ya pasi. Akauliza kama nimeajiri mtu wa kunisaidia kula. Nikamwonyesha kidole asubiri, mdomo ulikuwa kazini.
Nikawaza: sindano moja imenipa pumzi hizi, mbili je? Mbio kliniki nyingine. Kile kidude cha kupimia pumzi nikakipuliza kinyonge, kama mtu anayepoza chai. Muuguzi akauliza kama nimechomwa nyingine karibuni. Nikakohoa mpaka akasahau swali. Nimechomwa!

Jumanne, 11 Juni
Koti la bendi halifungi. Njama! Shemeji kamhonga dobi alinyweshe maji ya moto linywee. Nikamvaa dobi mbele ya wateja wake. Akasema makoti yote ya bendi kayafua pamoja, langu tu ndilo linalolalamika. Tena akauliza kama na uso wangu kaufua yeye, maana nao umekuwa mviringo. Jeuri huyo!
Kiu haiishi. Soda juu ya soda, choo juu ya choo. Mke wangu anasema nirudi kwa daktari. Anamtetea kaka yake, namjua.

Jumamosi, 15 Juni
Aibu, aibu! Nilifunga koti kwa pini, nikasimama mbele, shemeji nyuma yangu na tarumbeta mkononi. Kiongozi akainua mkono. Bibi harusi akatokea mlangoni. Mkojo nao ukanibana hapo hapo. Nikatoka mbio. Nikiwa chooni nikasikia nafasi yangu ikipigwa, tena vizuri, mshenzi yule. Vigelegele! Nililia. Baadaye shemeji akaja kugonga mlango, akauliza kama mimi ni mzima, akasema hali yangu inamtia hofu. Nikamwambia ni vumbi tu limeniingia machoni.

Jumatatu, 17 Juni
Shemeji na mke wangu wamenipeleka kwa daktari, kila mmoja kashika mkono. Sukari iko juu. Ikabidi niitaje sindano ya pili. Daktari akajishika kichwa. Akasema steroidi iliniokoa siku ile pumu iliponibana, hilo kweli, lakini kuirudiarudia kunavuruga sukari, kunaleta njaa na mafuta usoni na tumboni. Ziko sindano za aina nyingine kwa pumu sugu. Hupunguza kubanwa ili steroidi zipungue, na hazipandishi sukari namna hii. Watanipima kama zinanifaa. Soda basi. Mke wangu alilia, akasema hataki kuwa mjane kwa ajili ya tarumbeta. Roho iliniuma. Nikaapa nimekoma.
Njia nzima nimewaza, na kosa nimeliona. Choo kilikuwa mbali mno. Mwezi ujao kuna harusi nyingine, na ipo kliniki ya tatu ambako hawanijui. Nimeshamwomba kiongozi bendi isimame karibu na choo. Dobi bado simsalimii.