Vita vya Mwanaamina wa Mahege na Mstari Uliorukwa

Wekeni chini majembe, enyi wa Mkongo; epueni vyungu, enyi wa Dimani; na wewe wa stendi ya Kibiti uliyekalia bodaboda ukisubiri abiria, zima injini uokoe mafuta, maana ninayokuja kuyasimulia si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Nasimulia vita vya Mwanaamina binti Abdalah, Simba-jike wa Mahege, Mshika Karatasi kwa Mikono Miwili, aliyekabiliana peke yake na jeshi zima la kidato cha tano asirudi nyuma hata hatua. Ewe Mola uliyewagawia waja wako ndimi nyingi, nijaalie wangu usiteleze, kwa kuwa habari hii ina Kiingereza ndani yake.

Ikawa, katika juma la kwanza la muhula, vijana walipokwisha kuwasili na magodoro yao, Mwalimu Ukasha, Amiri wa Kiingereza shuleni petu, alitoa amri ya kutisha. Kila aliyechaguliwa kusoma Historia, Jiografia na Kiingereza angesimama mbele ya wenzake, asome kwa sauti ukurasa mmoja wa Kiingereza, kisha aulizwe maana yake. Atakayeshindwa angehamishiwa kwangu mimi, mwalimu wa Kiswahili, kana kwamba darasa langu ni wodi ya majeruhi. Jambo hilo liliniuma, na nalisema wazi. Nikaenda kuketi nyuma ya darasa niwaone hao majeruhi wangu wakianguka.

Mwanaamina hakutaka kuanguka. Alikwisha kuitangazia Mahege kwamba atakuwa mwalimu wa Kiingereza, na mama yake, Bi Siti, alikwisha kuwatangazia wale ambao siku hiyo hawakuwapo. Lakini usomaji wake ulikuwa wa polepole mno: kidole chini ya kila neno, midomo ikilionja kabla sauti haijatoka.

Wa kwanza kuingia uwanjani alikuwa Zaidi wa Ikwiriri, Sauti ya Asali, mshindi wa mashindano ya kusoma Kurani toka angali mdogo. Aliushika ukurasa ule, uliohusu bwana mmoja aliyenunua kofia, akausoma kwa mahadhi ya chuo cha Kurani: akapanda, akashuka, akavuta pale pa kuvuta, mpaka Mwalimu Ukasha akafumba macho kwa raha. Katika kuruka kwake huko angani, Zaidi akauruka na mstari mmoja. Hakuna aliyejua. Alipoulizwa maana akajibu, "Mwalimu, ni mtu na kofia," jambo ambalo halikuwa uongo, akapewa alama nzuri.

Sasa jueni kwamba vijana wetu wamelelewa chuoni, ambako somo huingia kwa sikio. Mmoja husoma, wengine wakapokea. Na anayeteleza husahihishwa na wote palepale, kwa upendo. Ni njia njema, nami sura zangu nilizipata hivyo hivyo. Lakini siku ile waliipeleka kupigana na ukurasa wa Kiingereza. Wakaupokea usomaji wa Zaidi wote, mahadhi yake na mruko wake. Kheri akasoma, akaruka palepale. Hajira akaruka. Sufiani aliishika karatasi juu chini, naye akaruka palepale. Maana ikabaki ile ile, mtu na kofia, na Mwalimu Ukasha hakufumbua macho.

Ndipo likaitwa jina la Mwanaamina. Akasimama, akaanza safari yake ya kidole. Bwana alinunua kofia. Akaiweka juu ya kiti. Kidole kikashuka, kikatua kwenye mstari ambao masikio yake hayajapata kuusikia, akasita. Kisha akausoma: mbwa wa yule bwana akaja, akaila kofia yote.

Darasa likanguruma kumsahihisha. "Siyo! Akamwita daktari wa mifugo!"

Akaurudia mstari, mbwa akaila tena. Kelele zikazidi, na Zaidi akasimama juu ya benchi kuhutubia.

"Dada yangu Mwanaamina, usitutie aibu! Tumeupita ukurasa huu sie sote, hakuna aliyekutana na mbwa. Huyo wako umemtoa wapi? Mwache aende zake, umwite daktari kama tulivyomwita sie!"

Machozi yalikuwa yakimlengalenga, lakini kidole hakukiondoa. "Kaka Zaidi, sauti yako naipenda, Mungu aizidishe. Lakini mie mstari huu nimeuwekea kidole, na mbwa yumo. Nikimwacha, daktari wa mifugo anakuja kumtibu nani? Kofia?"

Mwalimu Ukasha akafumbua macho, akaitafuta karatasi yake, akaikuta chini ya kikombe cha chai. Akasoma, na midomo yake nayo ikawa inatangulia sauti.

"Mbwa yumo," akatamka kama kadhi. "Na amekuwamo toka asubuhi. Mwanaamina, wewe umebaki kwenye Kiingereza, hakuna wa kukutoa. Nyie wengine, kesho ukurasa mwingine, mmoja mmoja, huko nje barazani." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Nami nitafumbua macho."

Nilifurahi, na moyo ukaniuma kidogo, maana mtoto anayesoma namna ile ningemtaka mwenyewe.

Jioni matroni wa bweni akamwazima Mwanaamina simu, nasi walimu tukasogea kusikiliza bila haya.

"Mwanangu, wamekuhamisha?" aliuliza Bi Siti.

"Nimebaki, mama. Kuna mstari nimeusoma."

"Mingapi?"

"Mmoja."

"Na wenzio?"

"Hawakuuona."

Vigelegele vilivyotoka kwenye simu ile vilimfanya matroni aiweke mbali na sikio. Majirani, tulivyosimuliwa baadaye, walikuja mbio wakiuliza nani anaolewa, na Bi Siti akawajibu kwamba haolewi mtu, ila mwanawe kasoma peke yake habari ya mbwa aliyekula kofia. Wakatazamana. Kisha bibi mmoja akasema kumbe Kiingereza kina mambo mazito, akapiga kigelegele chake, na wote wakaitikia. Tangu jioni hiyo historia ya Mahege imegawanyika sehemu mbili: kabla ya mbwa na baada ya mbwa.